Somo la Mto: Mvuvi wa Trauti Ana Nini cha Kutufunza Kuhusu Gucha?

Wakazi wengi wa Nyamira na Kisii wanawajua vyema samaki wa sokoni: ngege, mbuta na omena kutoka Ziwa Victoria, au ngege wa kidimbwi cha jirani. Wachache wanamjua trauti, samaki wa maji baridi anayevuliwa kwa ndoano iliyofungwa manyoya. Hata hivyo, jinsi mvuvi wa trauti anavyoyachunguza maji kabla ya kurusha ndoano ni ujuzi unaoweza kumfaa mkazi yeyote mwenye kijito kinachopita shambani mwake. Makala hii inaeleza uvuvi huo, kisha inaonyesha jinsi ya kuutumia ujuzi huo kupima afya ya mito yetu.

Trauti alivyofika Kenya

Trauti si samaki wa asili ya Kenya. Mwaka 1905 mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Scotland, na samaki hao wakapandwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan. Trauti wa upinde wa mvua alifuata mwaka 1910. Baadaye kituo cha kuzalisha vifaranga kilianzishwa Kiganjo, Nyeri. Leo trauti hupatikana katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya, na pia katika maziwa madogo ya mlimani kama Alice na Rutundu, yaliyo zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari.

Wana jamaa yao magharibi mwa Marekani na Kanada ambaye jina lake la Kiingereza lina maana ya "aliyekatwa koo", kwa sababu ana mstari mwekundu chini ya taya. Huyo hatumwi Kenya, lakini ana habari inayotuhusu, kama itakavyoonekana hapa chini.

Uvuvi wa nzi bandia

Mvuvi wa kawaida hutumia mnyoo na kipande cha risasi chenye uzito wa kuivuta kamba. Mvuvi wa trauti hutumia "nzi", yaani ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hadi ifanane na mdudu. Nzi huyo hana uzito wowote wa maana, kwa hiyo kamba yenyewe ndiyo hutengenezwa nzito. Mvuvi huirusha nyuma, husubiri inyooke, kisha huirusha mbele ili nzi atue polepole juu ya maji.

Mtoni, maji humletea samaki chakula, naye hukaa mahali pamoja akisubiri. Katika ziwa dogo maji hayaendi, hivyo trauti ndiye anayezunguka. Mvuvi humtafuta penye chakula: kijito kinapoingia ziwani, ukingoni mwa majani ya majini, kina kinapobadilika ghafla, na ufuo ambao upepo umesukumia wadudu. Hutazama ni mdudu gani anayeruka siku hiyo, visubi au kereng'ende, ndipo achague nzi wa kufanana naye.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mvuvi huyu huanza kwa kuwajua wadudu. Wakikosekana wadudu, anajua hakuna samaki wa kumtafuta.

Kwa nini trauti hafai kila mahali

Trauti hustawi katika maji ya takriban nyuzijoto 10 hadi 16. Yakipita 20 huanza kutaabika, na karibu 25 anaweza kufa. Sababu kubwa ni oksijeni. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzijoto 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni. Yakiwa nyuzijoto 20 hubeba takriban 9, na yakifika 30 hubeba chini ya 8.

Kaunti ya Nyamira iko kati ya mita 1,250 na 2,100 juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya maji yake yana joto kuliko anavyopenda trauti, lakini katika vilima vya juu ni baridi kuliko anavyopenda ngege, ambaye hukua vizuri zaidi katika nyuzijoto 25 hadi 30. Mkulima aliyechimba kidimbwi chini ya mpango wa serikali wa kuchangamsha uchumi ulioanza mwaka 2009, ambao ulilenga vidimbwi 200 katika kila eneobunge lililochaguliwa, huenda aliona ngege wake wakidumaa na kulaumu chakula. Mara nyingi tatizo ni ubaridi wa maji. Funzo la kwanza basi ni hili: pima joto la maji asubuhi na alasiri kabla ya kununua vifaranga.

Samaki wetu wa asili

Mto Gucha, uitwao pia Kuja, huanzia vilima vya Kiabonyoru hapa Nyamira, hupita Kisii na kuingia Ziwa Victoria katika Kaunti ya Migori. Huu ni mmoja wa mito ya ningu, samaki ambaye hapatikani popote duniani ila katika bonde la Ziwa Victoria. Mvua inaponyesha, ningu huondoka ziwani na kupanda mito kwenda kutaga mayai katika nyanda zilizofurika.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Nyavu ziliwekwa kwenye midomo ya mito, na ningu wakanaswa wakiwa na mayai tumboni kabla ya kuzaa. Kufikia miaka ya 1950 idadi yao ilikuwa imeanza kuporomoka. Sasa ningu yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) katika kituo cha Kegati, Kisii, wamekuwa wakifanya kazi ya kumzalisha vidimbwini. Lakini kifaranga akitoka kituoni anahitaji mto wa kuishi.

Trauti yule wa mstari mwekundu yamempata kama hayo nyumbani kwake. Watu walipowapanda trauti wa upinde wa mvua na wageni wengine katika mito yake, alinyang'anywa makao na kuchanganywa mbegu, hadi akatoweka katika mito mingi aliyokuwamo. Ndiyo maana haifai mtu kuchukua samaki wa kidimbwini na kumwaga mtoni, hata kwa nia njema. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inataka idhini kabla ya kuingiza samaki wa kigeni, na inakataza kuvua kwa sumu.

Pima kijito chako

Zoezi hili halihitaji maabara. Vaa gambuti, chagua siku ambayo mto haujafurika, na watoto waandamane na mtu mzima.

1. Tafuta mahali penye mawe na maji yanayokwenda kasi.
2. Inua jiwe moja polepole, uligeuze juu ya beseni jeupe lenye maji.
3. Tazama wadudu walioshika jiwe, kisha lirudishe lilivyokuwa.
4. Rudia kwa mawe 10.

Ukiona wadudu wenye mikia miwili au mitatu membamba, au wanaoishi ndani ya vijumba vidogo vya mchanga na vijiti, maji yako yana oksijeni ya kutosha. Ukikuta minyoo myekundu na ruba tu, kuna uchafu unaoingia juu yako. Usipokuta chochote na mawe yamefunikwa matope, udongo wa mashamba unaingia mtoni. Andika tarehe na ulichokiona, urudie baada ya miezi 3. Hata hivyo, wadudu wazuri si kibali cha kunywa maji bila kuyachemsha.

La kufanya ukingoni

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kando ya mto, kwa umbali wa kati ya mita 6 na 30 kutoka alama ya juu ya mafuriko. Katika kaunti yenye mashamba madogo kama yetu, mita hizo ni sadaka kubwa kwa familia. Lakini ukingo unaweza kubaki na nyasi za kukatia ng'ombe na miti ya kiasili inayotia kivuli majini. Mikaratusi ipandwe mbali na chemchemi. Maji ya kuoshea kahawa na ya kunyunyizia dawa ya mimea yasielekezwe mtoni.

Mkazi atakayeona samaki waliokufa, au maji yaliyobadilika rangi ghafla, apige ripoti kwa afisa wa uvuvi au wa mazingira katika kaunti ndogo yake siku hiyo hiyo, kwa kuwa kesho ushahidi utakuwa umeshapita Kisii kuelekea ziwani.