Cartagena, ndani na nje ya ukuta

Wageni wengi wanaofika Cartagena, pwani ya Karibi nchini Kolombia, hawatoki nje ya ukuta wa mawe unaozunguka mji wa kale. Wanakosa mengi. Mji ulianzishwa na Wahispania mwaka 1533, lakini waliotoa jasho la kuujenga na kuulisha ni Waafrika walioletwa kwa minyororo, na vizazi vyao ndivyo vinavyoupa ladha na muziki hadi leo. Panga safari yako uwafuate hao.

Anzia Plaza de los Coches, uwanja ulio nyuma ya mnara wa saa. Hapo watumwa walikuwa wakiuzwa. Leo, pembeni yake, chini ya matao ya Portal de los Dulces, akina mama wanauza kashata za nazi na vitamutamu vya ukwaju. Nunua, lakini jua uliposimama.

Wali wa nazi utaukuta kila mahali, ila mapishi yake si ya Mombasa wala Tanga. Tui zito huchemshwa peke yake mpaka likauke, mafuta yajitenge na masimbi yageuke kahawia. Masimbi hayo huitwa titoté. Ndipo mchele unapoingia, pamoja na maji, chumvi na sukari guru. Wali hutoka wa kahawia, na utamu kwa mbali. Unaliwa na samaki mzima wa kukaanga na patacones, yaani ndizi mbichi zilizokaangwa, zikapondwa bapa, zikarudishwa kwenye mafuta. Asubuhi tafuta arepa de huevo: andazi bapa la unga wa mahindi linakaangwa, linapasuliwa ubavuni, yai bichi linamiminwa ndani, kisha linakaangwa tena. Ulile pale pale kwa muuzaji, likiwa la moto.

Soko kubwa la wenyeji ni Bazurto. Nenda asubuhi, ikiwezekana na mwenyeji, na simu usiishike mkononi.

Jioni, sikiliza champeta. Mabaharia walileta sahani za santuri kutoka Kongo, Nigeria na Afrika Kusini, zikapigwa mitaani kwenye spika kubwa zilizopakwa rangi, ziitwazo picó. Watu walicheza nyimbo za Kilingala bila kuelewa neno, hatimaye wakaanza kutunga zao kwa Kihispania. Aliyekulia kwenye muziki wa soukous atalitambua gitaa lile mara moja. Mtaa wa Getsemaní, nje kidogo ya kitovu cha mji wa kale, unafaa kwa matembezi ya usiku.

Tenga siku nzima kwa San Basilio de Palenque, umbali wa kilomita 50 hivi. Ni kijiji cha watumwa waliotoroka, ambao kiongozi wao anayekumbukwa zaidi ni Benkos Biohó. Lugha yao imechanganya Kihispania na Kikongo, na mwaka 2005 UNESCO iliutambua utamaduni wao. Wanawake wenye magauni ya rangi kali na mabeseni ya matunda kichwani, unaowaona mjini, asili yao ni huko. Ukitaka kuwapiga picha, omba kwanza na ununue matunda. Hiyo ndiyo kazi yao.

Fukwe za mjini si za kujivunia. Maji maangavu yako visiwa vya Rosario. Boti huondoka asubuhi, na kabla ya kulipa uliza kama ushuru wa bandari umo kwenye nauli. Bei ya teksi nayo mpatane kabla ya kupanda. Mvua hupungua kuanzia Desemba hadi Machi, ingawa vyumba hupanda bei sana wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya. Novemba kuna shamrashamra za uhuru wa Cartagena, uliotangazwa tarehe 11 mwezi huo, mwaka 1811.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Viza iulizie mapema ubalozi wa Kolombia ulioko Nairobi, na chanjo ya homa ya manjano uipate angalau siku 10 kabla ya safari. Kadi yake usiiache kwenye begi kubwa: unaweza kuulizwa ukiingia Kolombia, na tena ukirudi nyumbani.