SOMO LA LEO: Gari linalolala sana huua betri. Pima kwanza kabla hujatoa mtaji kununua mpya

Wapambanaji wenzangu, hasa nyie wenye kirikuu, Noah au Probox ya kubebea mzigo, leo tuongelee betri.

Hapa Mwanhuzi wengi wetu gari ni la siku ya mnada, la kufuata mzigo Bariadi au Shinyanga, na la msimu wa pamba. Siku zingine limepaki tu chini ya mwarobaini. Kirikuu yangu hukaa hata wiki mbili bila kutembea. Sasa piga picha: alfajiri ya mnada umeshapakia vitenge na ndala, unazungusha ufunguo, unasikia "tik tik tik". Ukifika saa nne, nafasi nzuri zimeshachukuliwa na wateja wa asubuhi wameshanunua kwa mwingine. Hiyo ni hasara hata kama hujatoa shilingi.

KWA NINI INAISHA WAKATI GARI HALITUMIKI?

Betri hupungua chaji yenyewe, na joto letu hili linaongeza kasi. Halafu kuna vitu vinakula umeme hata gari likiwa limezimwa: alamu, redio, kifaa cha kufuatilia gari. Fanya hesabu. Vikila miliampia 50 tu, kwa siku ni ampia-saa 1.2. Wiki tatu ni ampia-saa 25. Betri ya ampia-saa 40 imebaki na nini hapo?

Kibaya zaidi, betri ikikaa muda mrefu bila chaji, sahani zake za ndani hushika ukoko mgumu. Ukoko ukikomaa, hata ukichaji haipokei vizuri. Ndiyo maana betri ya gari linalolala inaweza kufa mapema kuliko ya daladala inayoshinda barabarani.

PIMA HIVI

Tafuta mita ya kupimia umeme. Fundi redio yeyote anayo.

1. Ipeleke betri ikachajiwe mpaka ijae. Iache usiku mzima bila kuifunga kwenye gari, kisha pima. Ikisoma volti 12.6, imejaa. Ikiwa 12.2, imebaki kama nusu. Ikiwa imeshuka hivyo wakati haijafungwa popote, betri yenyewe imechoka.

2. Kama imeshikilia chaji, ifunge na uache gari usiku kucha. Ikishuka sana, kuna kitu kinanyonya. Mwite fundi umeme akitafute.

3. Washa gari, pima tena kwenye betri. Inatakiwa isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji.

Hapo ndipo pesa inapookolewa. Kama tatizo ni altaneta au kitu kinachonyonya, betri mpya nayo itaisha vilevile, na mtaji wa mzigo umeshaondoka.

KUITUNZA

- Gari likilala zaidi ya wiki, fungua waya wa hasi. Anza kufungua hasi, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Spana haitapiga shoti.
- Kuwasha dakika tano bila kukanyaga mafuta hakusaidii. Litembeze angalau nusu saa kila wiki.
- Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri usafishe kwa maji ya moto na magadi ya kuokea, kisha kausha na upake grisi kidogo.
- Kama betri ni ya kufunguliwa, ongeza maji yaliyosafishwa. Usiongeze asidi, wala maji ya kisima.
- Una sola ndogo? Inaweza kuitunza betri, ila ipitie kwenye kidhibiti chaji.

UKIKWAMA

Kuazima umeme kwa jirani: chanya ya betri nzima kwenda chanya ya iliyoisha, kisha hasi ya betri nzima kwenda kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo sigara na kiberiti viwe mbali. Kusukuma ni kwa gari la gia za mkono tu. La otomatiki mtasukuma mpaka mnada uishe.

Na betri iliyokufa kabisa usiitupe nyuma ya nyumba. Ndani kuna risasi na asidi, ni sumu kwa watoto na mifugo. Wanunuzi wa chuma chakavu huichukua kwa pesa, na hiyo pesa iwe mwanzo wa kununulia nyingine.

Jioni ya kuamkia mnada, kabla hujapakia chochote, washa gari kwanza. Likigoma saa kumi na mbili jioni, fundi bado yupo. Likigoma alfajiri, umebaki wewe na mzigo wako.