Rangi ya Malai kwa Kuta za Nyumba

Chumba chenye dirisha dogo huwa na giza hata mchana, na mtoto asomaye humo huinamisha uso mpaka karibu na kitabu. Kabla ya kutoboa dirisha jingine, yafaa mwenye nyumba azitazame kuta zake. Ukuta mweupe huweza kurudisha chumbani karibu sehemu 80 katika 100 za nuru inayoupiga, bali ukuta wa kahawia huimeza iliyo nyingi. Lakini weupe mtupu huumiza macho jua linapoingia. Kwa hiyo watu wengi hupenda rangi ya malai, yaani nyeupe iliyopozwa kwa manjano kidogo.

Rangi hiyo yapatikana kwa chokaa. Watu wa pwani waijua kazi hii tangu zamani. Huko Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, nyumba zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na matumbawe yakachomwa pia kuwa chokaa. Jiwe la namna hiyo likichomwa hutoa hewa ya ukaa; chokaa ikiisha kupakwa huivuta hewa hiyo tena, ikarudi kuwa jiwe ukutani. Jambo hilo huenda polepole, na ndiyo sababu kazi ya chokaa haitaki haraka.

Kwanza, nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa. Ile isiyozimwa huchemka ikiguswa na maji, na hata iliyozimwa huunguza ngozi na macho. Vaa miwani na mifuko ya mikono, na watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji safi mengi, kisha uende hospitali.

Pili, koroga chokaa kwa maji hata iwe nyepesi kama maziwa. Udongo wa manjano uliosagwa na uloweshwe kando, uchujwe, ndipo utiwe kidogo kidogo. Usizidi sehemu 1 kwa 10 ya uzito wa chokaa. Changanya ya kutosha chumba kizima, kwani ni shida kupata rangi ile ile mara ya pili.

Tatu, jaribu mahali padogo, ungoje pakauke, halafu upatazame asubuhi, adhuhuri, na usiku kwa taa. Hapa ndipo wengi wakosapo. Chokaa iliyo maji haifichi kitu. Weupe wake hutokea inapokauka. Asiyejua hudhani ni nyepesi mno, akapaka nzito, na baada ya siku chache ikabanduka kama magamba.

Nne, fagia ukuta, ulowanishe, upake mara tatu, nyembamba kila mara, ukingoja siku moja kati yake. Usipake jua kali likiupiga ukuta, maana chokaa ikikauka upesi hubaki unga. Wala haishiki juu ya rangi ya mafuta.

Mwisho, ukanda wa rangi nzito zaidi, futi mbili toka sakafuni, utaficha alama za viatu na ufagio. Juu yake, picha na mapazia yataonekana vizuri, na msomaji mdogo ataweza kuinua uso wake.

Maswali: Kwa nini ukuta hulowanishwa kabla ya kupakwa? Kwa nini rangi haipimwi ingali maji?