Usinunue losheni ya jua kabla ya kusoma chupa

Msomaji, huenda umewahi kusimama mbele ya rafu ya losheni za kukinga jua, ukatazama nambari na herufi zilizojaa kwenye chupa, kisha ukachukua ile ya bei nafuu. Au ulipita bila kutazama, ukisema hayo ni mambo ya watalii wa Diani.

Ni kweli kwamba ngozi nyeusi ina kinga yake. Rangi iliyomo, iitwayo melanini, huzuia sehemu kubwa ya miale inayodhuru. Lakini kinga hiyo si kamili, na si kila mmoja wetu aliye nayo. Mtu mwenye ualbino ana melanini kidogo mno au hana kabisa. Kwake losheni si kipodozi. Ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi. Anayejichubua kwa krimu naye huipunguza kinga aliyozaliwa nayo. Dawa nyingine pia, kama vile doksisaiklini, huifanya ngozi iungue upesi.

Tena tunaishi kwenye Ikweta. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000, miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Baridi ya Julai isikuhadae. Miale hii si joto, na mawingu mepesi huipitisha.

Je, chupa inasema nini?

SPF: Nambari hii huonyesha jinsi losheni inavyozuia miale inayounguza ngozi. Haihesabu saa wala dakika. Ikipakwa ipasavyo, SPF 15 huzuia takriban asilimia 93 ya miale hiyo, SPF 30 asilimia 97 na SPF 50 asilimia 98. Kwa hivyo SPF 30 yatosha kwa wengi. Mwenye ualbino, au anayeshinda juani mchana kutwa, achague 50.

UVA: Kuna miale mingine ambayo haiunguzi upesi lakini hupenya ndani zaidi, ikizeesha ngozi na kuchangia saratani. SPF haiipimi. Tafuta maneno "broad spectrum", herufi UVA ndani ya duara, au PA yenye alama za kujumlisha. Kadiri alama hizo zinavyozidi, ndivyo kinga inavyozidi. Usipoziona, rudisha chupa kwenye rafu.

"Water resistant": Losheni hii hustahimili maji au jasho kwa muda ulioandikwa, kwa kawaida dakika 40 au 80. Hakuna isiyotoka kabisa.

Tarehe: Angalia siku ya mwisho ya matumizi. Picha ya mkebe uliofunguliwa yenye 12M ina maana kwamba itumike ndani ya miezi 12 baada ya kufunguliwa. Angalia pia alama ya ubora ya KEBS, na usiiache chupa ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kosa kubwa ni kubania

Nambari ya SPF hupimwa maabarani kwa losheni nyingi. Wengi wetu hupaka nusu ya kiasi hicho au chini yake, na kinga hupungua sana. Uso na shingo huhitaji kijiko kimoja cha chai. Mwili mzima wa mtu mzima huhitaji vijiko viwili vikubwa vya mezani. Paka dakika 15 kabla ya kutoka, usisahau masikio, kisogo na migongo ya mikono, kisha urudie kila baada ya saa mbili. Usiichanganye na mafuta mengine ili ienee familia nzima, utakuwa umeiharibu.

Ikiwa inakuachia weupe usoni, usipunguze kiasi. Tafuta iliyotiwa rangi ya kahawia. Hiyo huwafaa pia wenye mabaka meusi usoni.

Bei ikikushinda

Losheni ni ghali, lakini kivuli hakiuzwi. Epuka jua kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Vaa mikono mirefu ya kitambaa kizito na kofia yenye ukingo mpana pande zote, kwani kofia ya kawaida ya michezo huacha masikio na shingo wazi. Mtoto wa chini ya miezi sita akingwe kwa kivuli na nguo. Mwenye ualbino aulize katika ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kuhusu losheni inayotolewa bila malipo.

Mwisho, jikague. Kidonda kisichopona kwa wiki nne, uvimbe unaotoka damu au doa linalobadilika ni sababu ya kumwona daktari bila kungoja. Mwenye ngozi nyeusi atazame pia nyayo, viganja na chini ya kucha. Saratani hujificha huko, na huko losheni haisaidii. Macho yako ndiyo yatakayoigundua mapema.