Unakuja Dar wikendi kufuata mzigo? Pangilia hivi

Wewe unayeuza mtandaoni ukiwa mkoani, Kariakoo iwe Jumamosi asubuhi na mapema, maana Jumapili maduka mengi ya jumla yanafungwa. Mimi sinunui dazeni papo hapo. Naulizia bei, napiga picha (omba ruhusa, wengine hawapendi kabisa), naposti WhatsApp nikiwa hapo hapo mtaani. Oda zikiingia ndo narudi kulipia kabla ya jioni. Gauni ambalo hakuna aliyeliulizia naliacha, hata liwe zuri vipi.

Jumapili asubuhi naenda Coco Beach na sampuli mbili tatu. Mwanga wa pale unaonyesha rangi ya kitambaa ilivyo, hivyo sisumbuliwi na "mbona pichani ilikuwa bluu?" Mihogo ya kukaanga ndo chakula changu cha mchana, halafu stendi.