Gari Kubwa la Mtumba: Hesabu Inayoanza Baada ya Kununua



Ndugu wasomaji, vikundi viwili vya parokia vimeniletea swali linalofanana: je, si vizuri tukatoa akiba yetu, tununue Land Rover Discovery ya mtumba, tuwe tukiikodisha arusini? Sababu zao si za kipumbavu. Gari lina viti 7, lina heshima mbele za watu, na bei imeshuka sana. Siku hizi Discovery 3 yaweza kupatikana kwa pesa inayokaribia ya Probox iliyo mpya zaidi. Broka naye haachi kusema, "Mama, hii ni bahati yenu." Basi wacha tuifanyie somo.

Kwanza tuelewe jambo moja. Gari likizeeka bei yake hushuka, lakini spea zake hazishuki nalo. Discovery 3 ilitengenezwa Uingereza kati ya mwaka 2004 na 2009, ikiwa gari la watu wenye nafasi. Wewe leo unainunua kwa bei ya mtu wa kawaida, lakini kompresa yake, pampu zake na kompyuta zake bado ni za lile gari la tajiri. Tena sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8. Kwa hivyo Discovery 3 yoyote unayoonyeshwa leo imekwisha kula mashimo yetu miaka mingi, na labda imepitia mikono ya wenyewe watatu au wanne. Uliza kila mmoja aliiuza kwa nini.

Tuanze na springi, kwa sababu ndizo huwashangaza wengi. Discovery nyingi hazikalii springi za chuma. Zinakalia mifuko minne ya mpira iliyojazwa hewa, na kompresa ya umeme ndiyo inayoijaza. Ndiyo maana gari linateleza barabarani kama mashua. Lakini mpira huchakaa na kupata nyufa, hewa ikavuja kidogo kidogo usiku, asubuhi unakuta gari limeinama upande mmoja kama punda aliyechoka. Mwenye gari husema, "Ah, likiwashwa linainuka." Ni kweli, linainuka. Lakini kila linapoinuka ni kompresa inayofanya kazi mara mbili au tatu ya ile iliyopangiwa, na mwishowe nayo inaungua. Sasa una matatizo mawili mahali pa moja. Mafundi wengine hung'oa mfumo wote na kuweka springi za chuma. Si dhambi, lakini ulainifu ule uliolipia umekwenda, na kompyuta ya gari lazima irekebishwe ndipo iache kulalamika.

Injini ya dizeli ya lita 2.7 ina nguvu kwelikweli, hiyo siwezi kuikana. Shida yake ni kwamba haisamehi uzembe. Ina mikanda miwili: wa mbele ndio unaoendesha taimingi, na wa nyuma unazungusha pampu ya dizeli. Wa nyuma ukikatika gari linazima tu. Wa mbele ukikatika, vali zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Kitabu cha kampuni kinasema ibadilishwe kila miaka 7 au maili 105,000, yaani kama kilomita 169,000. Angalieni hapo kwenye miaka, kwa sababu watu huhesabu kilomita peke yake. Katika injini za mwanzo, mahali ambapo kikaza-mkanda kimefungwa kwenye pampu ya oili huweza kupasuka, ndiyo sababu fundi anayeijua atakwambia ubadilishe pampu pamoja na mkanda.

Tena kuna krankishafti, ambayo katika injini hizi imejulikana kukatika. Oili chafu au iliyokaa mno huharakisha siku hiyo. Kule Uingereza kitabu kiliruhusu kwenda maili 15,000 kabla ya kubadilisha oili. Kwa vumbi letu, wenye busara hubadilisha kwa nusu ya hapo, tena oili ya aina iliyoandikwa kitabuni, si ile ya kupimiwa kwa kopo.

Namjua mtu mmoja, mwajiriwa wa mkataba, aliyenunua gari kama hili kwa mkopo wa SACCO akiwa na wadhamini wanne. Mwezi wa tano krankishafti ikakatika. Bei ya injini nyingine ilikaribia bei ya gari lenyewe. Mkataba wake wa kazi ukaisha, mkopo haukuisha, na wadhamini wakaanza kukatwa akiba zao. Mmoja ni mama mjane mwenye watoto wawili sekondari. Gari liko nyuma ya gereji, na kuku wanataga ndani.

Mengine nitayapitia haraka. Vali mbili zinazorudisha moshi kwenye injini hujaa masizi na gari likakosa nguvu mlimani. Handibreki ya umeme hujaa vumbi na matope, ikalia kwa sauti mbaya au ikakwama. Bushi za mbele huisha upesi, kwa maana gari lina uzito wa tani mbili na nusu hivi. Betri ikidhoofika, taa za onyo huwaka ovyo hata pasipo ubovu. Tabo ikifa, mafundi wengi huinua bodi nzima kutoka kwenye chasisi ndipo waifikie, na hizo ni siku kadhaa za kulipia.

Sasa dizeli. Tuseme kikundi kinakwenda kilomita 1,000 kwa mwezi, na lita ni sh. 170. Discovery ikila lita moja kwa kilomita 7 mjini, ni lita 143, yaani sh. 24,310. Gari dogo la kilomita 14 kwa lita litakula sh. 12,070. Tofauti ni sh. 12,240 kila mwezi, au sh. 146,880 kwa mwaka, kabla fundi hajafungua boneti. Badilisheni bei kulingana na tangazo la EPRA la mwezi wenu.

Na bima? Kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huu. Thadi pati haitakulipa gari lako likiungua. Tena bima ya gari la kibinafsi hailindi gari linalokodishwa kwa malipo, na hapo ndipo mpango wa arusi unapoyumba.

Ikiwa bado mnalitaka, msilitazame mchana likiwa limeoshwa. Liacheni lilale usiku mzima mahali tambarare, mfike alfajiri kabla halijawashwa, mpime urefu wa kila gurudumu. Sikilizeni injini ikiwa baridi. Mwende na fundi wenu, si wa muuzaji, aliye na mashine ya kusoma kompyuta ya Land Rover. Muuzaji asiye na risiti ya mkanda, hesabuni kwamba haujabadilishwa, mpunguze bei hiyo.

Kazi ya kikundi:

1. Gari likilala gereji miezi miwili, ni nani atalipa, na kutoka mfuko gani?

2. Ulizeni spea madukani bei ya kompresa ya hewa, mikanda yote miwili na tairi nne. Jumlisheni, mlinganishe na akiba iliyobaki baada ya kununua.

3. Ni wanachama wangapi wako tayari kuandika majina yao kama wadhamini? Waandike wakiwa wameziona hesabu za swali la pili.