Nani Anaweka Mwamuzi?



Katika somo la uraia swali lilitokea: muji unaweza kuweka waamuzi wake, wenye kusikia magomvi bila kumupendelea mutu? Swali hilo linatugusa hapa Kanyabayonga, sababu familia nyingi ziko na kesi ya mupaka wa shamba.

Kule Marekani iko inawezekana. Muji wa Chicago uko na ofisi yake ya kusikia mashitaki tangu 1997. Mutu akiandikiwa malipo juu ya motokari iliyosimama vibaya, anakwenda mbele ya mwamuzi ambaye muji wenyewe unamulipa. Hapo tunashangaa kidogo: mushitaki ndiye anamulipa mwamuzi! Basi, mwenye kushindwa anaruhusiwa kupeleka kesi kwa tribinali.

Kwetu ni namna ingine. Wakati wa Wabeljiji, dekreti ya 15 Aprili 1926 ilipanga tribinali za wenyeji, na mwami alikuwa mutawala na mwamuzi pamoja. Sheria ya 1968 ilileta tribinali za amani, lakini kuzisimamisha mahali pote kulikawia miaka mingi sana. Katiba ya 2006 inasema zhuji iko chini ya sheria tu, serikali haiwezi kumuamuru. Anawekwa na Rais wa Jamhuri, kisha Baraza Kuu la Mazhuji kupendekeza jina lake. Meya wa Butembo ao wa Beni hawezi kuchagua zhuji hata mumoja.

Je, wazee wa mutaa? Hao wanapatanisha, hawahukumu. Na hapa ndipo mambo yanakuwa magumu. Vita ilipofika Kanyabayonga mwezi wa 6 mwaka 2024, watu wengi walikimbia. Tuseme mama mumoja anarudi, anakuta mwingine analima shamba lake, naye anaonyesha karatasi ya chefu. Kama chefu yuleyule ndiye anachagua wazee wa kusikia kesi, huyo mama atasema nini mbele yao? Sisi tunaona anaweza kukataa bila kumukosea mutu heshima. Mapatano yanatoka kwa pande mbili. Upande mumoja ukikataa, hakuna mapatano.

Kisha iko njia ya sheria. Kwa sheria ya 11 Aprili 2013, magomvi ya udongo yanayofuata desturi ni kazi ya tribinali ya amani. Wazee wenye kujua desturi wanaketi pale pia, lakini kando ya zhuji, si kando ya chefu.

Shida ni safari, franka, na usalama wa njia. Ndiyo sababu wengi wanabaki kwa wazee. Kama nyumbani kwenu wamechagua hivyo, ninyi munaojua kuandika musaidie: muandike majina ya mashahidi wa kila upande, miti na mawe ya mupaka, tarehe, na namna wazee walivyochaguliwa. Karatasi isomwe kwa sauti mbele ya wote, hata kwa Kinande, mbele mutu hajatia kidole. Kila upande ubaki na yake.